Kisu: Dukani au mtandaoni?

MWENYE kisu kikali ndiye alaye nyama, walinena wahenga. Hawakueleza kisu hicho kinunuliwe wapi, kwa kuwa zama zao jibu lilikuwa moja tu: kwa mhunzi wa kijiji, ambaye mnunuzi alimfahamu kwa jina, akamtazama akifua chuma, na akajua njia ya kurudi kwake makali yalipojikunja.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mama anayejiandaa kufungua kibanda cha chakula Githurai, au kijana anayetaka kuanzisha bucha Kisauni, anaweza kuketi na rununu yake na kupitia picha za visu mia mbili kabla ya chai kupoa. Yapo masoko ya mtandaoni kama Jumia, iliyoasisiwa jijini Lagos mwaka 2012, na Kilimall, iliyoanzishwa humu nchini mwaka 2014. Wapo pia wafanyabiashara wadogo wanaonadi bidhaa zao kwenye Facebook na Instagram na kupokea malipo kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007. Wengine huagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo.

Upande wa pili kuna maduka ya mtaani, supamaketi, maduka ya jumla ya vyombo yaliyojazana eneo la Kamukunji jijini Nairobi, na mafundi wa jua kali ambao nyundo zao husikika hatua chache kutoka hapo.

Kwa anayenunua kisu cha kumenyea viazi nyumbani, akikosea hasara yake ni ndogo. Kwa mchinjaji, muuza nyama au mpishi wa mkahawa, kisu ndicho kitega uchumi. Kisu butu humlazimu mtumiaji kukandamiza, na anayekandamiza huteleza. Jeraha moja la kidole huweza kumweka mtu wa kibarua nje ya kazi kwa majuma kadhaa, na hakuna wa kumlipa siku hizo.

KISICHOONEKANA PICHANI

Shati hununuliwa kwa rangi na kipimo, na picha inaweza kuonyesha yote mawili kwa kiasi fulani. Ubora wa kisu, kinyume chake, umo mahali jicho lisipofika: ndani ya chuma chenyewe, na katika namna kilivyopitishwa motoni.

Chuma kisicho na kaboni ya kutosha hakiwezi kukazwa kwa moto. Kitanolewa leo kikate vizuri, na kesho asubuhi makali yamelala. Chuma chenye kaboni ya kutosha hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kikatumbukizwa ghafla katika mafuta ili kikaze, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike kama kigae. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hurukwa na watengenezaji wenye haraka au wasio na ujuzi. Visu viwili vinaweza kutoka kwenye bamba moja la chuma, kimoja kikadumu miaka kumi na kingine kikamegeka mwezi wa kwanza.

Suala la kutu lina historia yake. Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chenye kromiamu nyingi ambacho hakikushika kutu kwa urahisi, na mji huo uliokuwa tayari na sifa ya visu ukapata biashara mpya. Ili chuma kistahili jina hilo la kutoshika kutu, kromiamu yake haipaswi kupungua takriban asilimia 10.5. Baadhi ya watengenezaji wa Ujerumani huchapa fomula ya chuma ubavuni mwa kisu, na inayoonekana mara nyingi ni X50CrMoV15. Kwa asiye mhandisi, yatosha kujua kwamba 50 humaanisha kaboni ya takriban nusu asilimia, na 15 humaanisha kromiamu ya takriban asilimia 15. Hicho ni chuma cha kazi: si kigumu mno, hakishiki kutu upesi, na hunoleka.

Hapa inafaa kusahihisha imani iliyoenea sokoni. Huaminika kwamba chuma halisi kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku, na wapo wauzaji wanaothibitisha ubora wa bidhaa zao kwa njia hiyo. Imani hiyo ina ukweli kwa sufuria nyingi na vijiko vingi. Kwa kisu mambo hugeuka. Aina ya chuma isiyovutwi na sumaku ndiyo ile ile isiyoweza kukazwa kwa moto, kwa hivyo haifai kutengenezea makali ya kudumu. Mnunuzi anayekwenda dukani na sumaku ndogo mfukoni atafute kisu kinachoivuta. Kisipoivuta, na si cha kauri, akirudishe kwenye rafu bila kujali kinavyong'aa.

FAIDA YA KUSHIKA KWA MKONO

Hakuna mtu anayeweza kubeba sumaku hadi ndani ya rununu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya duka: mnunuzi hukishika kisu. Hukitazama kwa jicho moja, kutoka mpinini hadi nchani, kama seremala anavyotazama ubao, ili ajue kama bapa limepinda. Huangalia msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini. Kisu cha kazi nzito kinafaa kiwe na msuka unaofika mwisho wa mpini, uliobanwa kwa riveti zisizotikisika. Kilicho na msuka mfupi uliopachikwa ndani ya plastiki kitamtoka mwenye bucha mkononi siku atakapokutana na fupa la paja.

Aidha, mwenye kununua hupitisha ukucha mahali chuma kinapokutana na mpini. Pakiwa na mwanya, damu na mafuta vitaingia humo na kuoza, hata kisu kioshwe mara ngapi. Hukiweka kisu juu ya kaunta kana kwamba anakata kitunguu, aone kama vifundo vya vidole vyake vinagonga mbao. Ukubwa wa mkono hautofautiani na ukubwa wa kiatu. Kinachomfaa mmoja humchosha mwingine kabla ya saa nne.

Hata hivyo, duka nalo lina kasoro zake. Visu vingi vya supamaketi hufungwa katika plastiki ngumu iliyobandikwa kwenye kadi, hivi kwamba mnunuzi hawezi kushika mpini wala kutazama msuka. Ununuzi wa aina hiyo hauna tofauti kubwa na wa mtandaoni, ila tu mtu hupanga foleni. Muuzaji naye mara nyingi hajui chuma cha bidhaa yake. Ukimuuliza, atajibu kwamba ni cha Ujerumani au cha Brazil, kana kwamba nchi ni aina ya chuma. Ni kweli kwamba Brazil ina kiwanda cha Tramontina, kilichoanza mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, na kwamba jina la Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, limelindwa kwa sheria ya nchi hiyo tangu mwaka 1938. Lakini jina lililochapwa kwenye bapa si ushahidi kwamba kisu kilitoka huko, na Kenya ilitunga Sheria ya Bidhaa Ghushi mwaka 2008 kwa sababu nzuri.

Kisha kuna visu vya jua kali. Mafundi wengi hutumia springi za magari makuukuu, na si kwa kuwa wamekosa chuma kingine. Chuma cha springi huwa na kaboni ya kutosha kukazwa kwa moto, hushika makali vizuri, na hakivunjiki ovyo kwa sababu kiliundwa kubeba uzito wa lori barabarani. Kasoro yake ni kutu. Kisu hicho hakina kromiamu ya kukikinga, kwa hivyo chafaa kufutwa kikauke na kupakwa mafuta kidogo kila jioni. Mwenye kukiacha ndani ya karai la maji usiku kucha asimlaumu fundi.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba si kila kisu cha jua kali hutokana na springi. Vingine hukatwa kutoka kwenye mabati mepesi na kunolewa tu, bila kupitia moto wowote. Kwa macho vinafanana. Tupa ndiyo huvitenganisha: ikipitishwa taratibu kwenye makali, chuma kilichokazwa huipinga na kuitelezesha, ilhali chuma laini hung'atwa nayo mara moja. Fundi anayejiamini hatakataa jaribio hilo. Tena mteja anaweza kumwagiza kisu cha urefu na umbo analotaka, na akamwona akikitumbukiza katika mafuta mbele ya macho yake. Hakuna tovuti itakayompa hilo.

MTANDAO UNA MENGI YA KUTOA

Ingekuwa kosa kuuona mtandao kama jukwaa la matapeli. Kwanza, una aina za visu ambazo duka la mtaani haliweki: kisu chembamba cha kutenganisha nyama na mfupa, kisu chenye bapa la kupindika cha kutolea minofu ya samaki, au kisu cha mtumiaji wa mkono wa kushoto. Mvuvi wa Malindi au muuza samaki wa Kisumu anayetaka kisu cha minofu anaweza kuzunguka mji mzima bila kukiona.

Pili, mtandao una maelezo. Kampuni yenye heshima hutaja aina ya chuma, urefu wa bapa peke yake, uzito, na ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya jikoni vya mtindo wa Ulaya huwa kati ya 54 na 58 kwa kipimo hicho. Vya mtindo wa Japani huanzia karibu 60 na kupanda. Muuzaji asiyetaja lolote kati ya hayo, na badala yake kujaza ukurasa maneno kama "kikali mno" na "cha kitaalamu", amekwisha kujieleza. Kizuri chajiuza.

Picha nazo zina hila zake. Urefu unaotangazwa wakati mwingine hujumuisha mpini, na mteja aliyetarajia bapa la inchi nane, yaani takriban sentimita 20, hupokea la inchi tano. Mchoro wa mawimbi unaovutia kwenye bapa, unaouzwa kwa jina la chuma cha Damascus, hutokana kwa kweli na matabaka ya vyuma viwili vilivyofuliwa pamoja. Kwenye visu vingi vya bei ya chini, mawimbi hayo yamechapwa juu tu kwa mwanga wa leza au kwa asidi, na hufutika bapa likisuguliwa kwa msasa. Majina ya Kijapani pia hutolewa kwa visu ambavyo havijawahi kuiona Japani. Sehemu kubwa ya visu vya bei nafuu duniani hutoka China, hasa mji wa Yangjiang katika mkoa wa Guangdong, na hilo si aibu, kwa kuwa huko huko hutengenezwa vizuri na vibaya. Aibu ni kuficha.

Mwenye kuagiza kutoka ng'ambo azingatie pia kwamba bei aliyoiona siyo atakayolipa. Mzigo ukifika hutozwa ushuru wa forodha, kodi ya VAT na ada nyingine, mbali na nauli ya kuusafirisha. Wengi hukwepa gharama ya nauli kwa kumtuma jamaa aliye safarini. Jamaa huyo anapaswa kukiweka kisu ndani ya sanduku linalokaguliwa na kupakiwa chini ya ndege, kikiwa kimefunikwa makali. Akikiweka kwenye mkoba anaoingia nao ndegeni, kitabaki mikononi mwa walinzi wa uwanja.

KISU NA MNOAJI WAKE

Swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi, wawe mtandaoni au dukani, ni nani atakayekinoa kisu hicho. Kila kisu, hata cha bei ghali kupindukia, kitafika siku ya kuwa butu.

Katika mitaa mingi ya miji yetu, kazi hiyo hufanywa na mnoaji anayepita na baiskeli yake. Huisimamisha kwa stendi, akapiga pedeli, na mnyororo ukazungusha jiwe la duara lililofungwa mbele yake. Ni ufundi wenye manufaa makubwa na gharama ndogo. Kwa kisu cha chuma cha wastani, cha Ulaya, cha Brazil au cha springi, mnoaji mzoefu hurejesha makali kwa dakika chache. Chuma hicho ni laini kiasi cha kukubali jiwe lake, na hata pembe ya makali ikikosewa kidogo hakuna kinachoharibika.

Kisu cha ugumu wa 60 na zaidi, ambacho mtu amekiagiza kwa maelfu ya shilingi baada ya kutazama video za wapishi wa Tokyo, ni habari nyingine. Makali yake ni membamba, mara nyingi nyuzi 15 kwa kila upande badala ya 20 za kisu cha Ulaya. Hunolewa taratibu kwa kinoo laini kilicholowa maji, kwa mkono, na mtu asiye na haraka. Kikipigwa kwenye mfupa wa mbuzi hupukutika makali vipande vidogo vidogo. Kikipelekwa kwenye jiwe kavu linalozunguka kwa kasi, hupata moto. Chuma kikibadilika rangi na kuwa cha samawati pale makalini, joto limekwisha kufikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na ule ugumu uliolipiwa umepotea pale. Hakuna kosa la mnoaji hapo. Alipewa chombo ambacho jiwe lake halikuundiwa.

Visu vya kauri vina shida ya namna hiyo hiyo kwa njia tofauti. Havishiki kutu na hubaki vikali kwa muda mrefu, lakini vikianguka sakafuni huweza kuvunjika, na huhitaji vifaa vya almasi kunolewa. Kwa jiwe la baiskeli ni kazi bure.

Kwa hivyo muuza nyama atendaye kazi kutwa hufanya vyema kununua kisu cha wastani kinachonoleka kwa urahisi, kisha aongeze kile chuma cha duara ambacho wachinjaji hupitishia kisu kabla ya kukata. Chuma hicho hakiondoi sehemu kubwa ya bapa. Kazi yake kuu ni kuyanyoosha makali yaliyolala. Akikitumia mara kwa mara, siku za kumngoja mnoaji zitakuwa chache. Na mnoaji akija, amwombe atumbukize kisu majini kila baada ya kukipitisha jiweni. "Fundi, maji kidogo" ni maneno matatu yanayorefusha maisha ya kisu kwa miaka.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, humpa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Sheria zilizo chini yake, hata hivyo, hazimtazami mnunuzi wa dukani na wa mtandaoni kwa jicho moja.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huhitaji bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aliyeandika kwamba kisu ni cha chuma fulani au cha urefu fulani amefungwa na maneno yake. Sheria hiyo pia huhitaji bidhaa inayouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Lakini kuna sharti: mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa maneno mengine, aliyekishika kisu kilichopinda, akakigeuza na kukilipia, amejibebesha mzigo. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia kupitia picha ana hoja nzuri zaidi mbele ya sheria, ijapokuwa kumpata muuzaji mwenyewe ni kazi nyingine.

Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ina vifungu mahususi kuhusu mikataba ya intaneti. Muuzaji anatakiwa kutoa maelezo ya lazima kabla ya mkataba, kumpa mteja nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa, na kumpelekea nakala ya mkataba. Asipotoa maelezo au nafasi hiyo, mteja anaweza kuuvunja mkataba hadi siku saba baada ya kupokea nakala. Asipopeleka nakala ipasavyo, mteja ana siku 30 tangu mkataba ulipofanywa. Wachache huzitumia haki hizo, na sababu moja ni kwamba huwa wamekwisha kuufuta ujumbe wa muuzaji na kuitupa risiti.

Anayeagiza kisu kwa mara ya kwanza kutoka kwa muuzaji asiyemjua hufanya vyema kuchagua malipo baada ya kupokea mzigo. Kabla ya kuagiza, anakili ukurasa wenye maelezo na picha na kuuhifadhi. Mzigo ukifika, aufungue mbele ya aliyeuleta: apime bapa kwa rula, apitishe sumaku, atazame unyoofu kwa jicho moja, na avute mpini kuona kama unacheza. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Kisu kikiwa sicho alichoagiza, akirudishe kikiwa safi na ndani ya kasha lake, kwa sababu kikishakata nyama ya kwanza, muuzaji atakuwa na jibu tayari.